Kitanda cha Sihaba

Ukimpa Fikirini kiti, hakai. Kwanza atakigeuza miguu juu na kupitisha kidole kwenye maungio. Akikuta msumari atakirudisha chini taratibu na kusema, "Asante, nitasimama." Watu wa Ikwiriri walimcheka kwa hilo, lakini milango yao walimletea yeye, maana mlango wa Fikirini haukupinda hata mwaka ule mto ulipoingia majumbani na kukaa wiki mbili.

Mimi naitwa Bashiru. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na mitatu katika banda la mabati kando ya barabara kuu, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Yeye alipima na kukata, mimi nilipiga msasa. Shule niliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno hunikauka, kwa hiyo kazi ya msasa ilinifaa. Mpiga msasa haulizwi kitu. Ufundi wangu mwingine ni kuwamba vitanda vya kamba. Nilifundishwa na babu yangu kule Maparoni, ambaye ndiye aliyekitunza kitanda cha msikiti.

Kwetu mtu akifa huoshwa juu ya kitanda cha kamba. Maji hupita katikati ya kamba yakaingia kwenye mfuo, shimo refu linalochimbwa chini yake. Zamani kila nyumba ilikuwa na kitanda cha namna hiyo. Watu walilala humo, walizaa humo, na mwisho wakaoshewa humo humo. Kisha yakaja magodoro, watu wakaacha kamba. Siku hizi kitanda cha kamba utakiona kimoja kwa kila msikiti, kimeegemezwa ukuta wa nyuma, na mtoto akithubutu kukikalia hupigwa.

Fikirini alikuwa na binti mmoja, Sihaba. Mkewe alifariki mtoto akiwa darasa la nne, naye hakuoa tena. Alimsuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka mwalimu wa kike akawa anazifumua asubuhi na kuzisuka upya. Akipiga randa alikuwa akiniambia, "Siku Sihaba akiolewa, vyombo natoa mimi. Na kitanda atakacholalia hakitakuwa na mwenzake kutoka hapa mpaka Dar es Salaam." Aliyasema hayo tangu mtoto ana miaka kumi. Sikumsikia akitaka kitu kingine duniani.

Safari ya ng'ambo ilimjia bila kuitafuta. Misumari, bawaba na gundi tulinunua katika duka la Mzee Jivanji, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Ikwiriri na kuzeekea nyuma ya kaunta. Mzee huyo alipooza upande mmoja. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo, kisha akaanza kulia kila siku kwamba anataka kuiona nyumba ya babu zake kabla hajafa. Bintiye Foram, ambaye ndiye aliyeshika duka, alikuja bandani kwetu.

"Fundi, nahitaji mtu wa kumnyanyua baba," alisema. "Mikono yako ameizoea. Tiketi na chakula juu yangu."

"Dada Foram, mimi hata Unguja sijafika."

"Basi utaanza na India."

Fikirini alikaa huko miezi miwili, katika kijiji kimoja upande wa Jamnagar. Aliporudi alisimulia kitu kimoja tu. Ndege hakuisimulia, wala miji. Mtu akimuuliza mabibi wa huko wakoje anajibu, "Matendegu yao, ndugu yangu!" Tendegu ni mguu wa kitanda.

Siku ya kwanza, alisema, walifika nyumba ya ukoo jioni. Ni nyumba kongwe yenye uwanja katikati. Wenyeji wakatoka, wakamtolea mgeni kitanda cha kamba akae. Fikirini akarudi nyuma. Akauliza kwa Kiswahili, "Kuna msiba?" Foram akacheka mpaka akashika ukuta. Kule kitanda hicho huitwa khatlo, na mgeni wa heshima ndiye anayetolewa hicho. Wazee wanakunywa chai juu yake, watoto wanafanyia kazi za shule, bibi harusi anaingia nacho kwa mume. Matendegu yamekerezwa kwenye mashine kama vikombe vilivyopandiana, yakapakwa lakiri nyekundu na ya manjano huku mti unazunguka, rangi ikaingia kwa joto na kung'aa kama kioo. Na kamba hazikupigwa ovyo kama zetu za msikitini. Zilisukwa mraba ndani ya mraba, na katikati ua.

Mzee Jivanji alikufa wiki ya tano. Kufa kwake ndiko kulikomfungua macho Fikirini. Usiku pumzi ilipobadilika, wanaume wa nyumba walimwita haraka. Alidhani wanataka amnyanyue mzee wamuweke vizuri kitandani. Foram akamwambia, "Hapana, mshushe. Mshushe chini sakafuni." Wakamshusha, akakata roho juu ya ardhi iliyosafishwa. Kesho yake Fikirini aliuliza sababu. Foram, macho yamemvimba, akamjibu, "Kwetu mtu haachwi afie kitandani. Kitanda ni cha walio hai."

Neno hilo alirudi nalo kama mtu aliyeokota kito.

Wakati wa matanga alikuwa hana kazi, akashinda kwa seremala wa kijiji. Hawakujua lugha ya kuongea, wakaongea kwa mikono. Akajifunza kukereza na kupaka lakiri. Michoro aliichora kwenye mifuko ya karatasi ya dawa za marehemu. Walipokuwa wanarudi, wakalala siku moja katika mji mkubwa, kwenye nyumba ya wageni ambayo Wazungu hulipa fedha nyingi kulala. Fikirini akakuta sebule nzima haina kochi hata moja. Kulikuwa na khatlo mbili, vigoda vya chini, na kuta za udongo mweupe zilizopachikwa vipande vya vioo mpaka taa moja ikawa taa mia.

"Bashiru, wenzetu kitu cha babu zao hawakukificha nyuma ya msikiti," aliniambia. "Wamekiweka mlangoni."

Nikaendelea kupiga msasa.

Mwaka uliofuata Sihaba akaposwa. Mchumba aliitwa Mudrick, dalali wa ufuta mwenye nyumba ya sakafu ya vigae Kibiti, mtoto wa pekee wa Bi Swaumu. Huyo mama alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kupasua mabati, na hakuna shughuli ya wanawake Kibiti iliyokwenda bila yeye. Mwanawe alikuwa akimwangalia usoni kwanza kabla ya kujibu salamu.

Sihaba alikuja bandani akamwonyesha baba yake picha kwenye simu. Kitanda cha dukani, sita kwa sita, kichwani kimevikwa kitambaa cha zambarau chenye vifungo.

"Baba, mimi nataka hiki."

Fikirini akavaa miwani. "Hili ni godoro lililosimamishwa. Chini ya kitambaa ni mbao za maboksi, mwanangu."

"Ndiyo vinavyotoka sasa hivi."

"Ngoja uone changu."

"Baba, wenzangu wote—"

"Sihaba. Nimengoja miaka kumi na miwili. Ngoja miezi miwili."

Binti akaondoka. Mimi nilikuwa na msasa mkononi, nikaona jinsi alivyoizima simu kwa kidole gumba, kwa nguvu.

Kitanda kile nitakisema kwa haki. Mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, zilikuwa za mkongo. Matendegu ya mninga, yamekerezwa vikombe saba, yamepakwa lakiri nyekundu, manjano na nyeusi, na lakiri yenyewe aliibeba begini kutoka India. Msumari hakuna hata mmoja. Ukubwa nne kwa sita, nilipomwambia ni kidogo kwa maharusi akajibu, "Wanaopendana hawahitaji uwanja." Kamba tuliagiza kwa wanawake wa Maparoni, za ukindu, wakazitia rangi kama za mikeka ya wageni. Nikawamba mimi, siku kumi na moja, nikifuata mchoro uliokuwa nyuma ya mfuko wa dawa. Mraba ndani ya mraba, na katikati ua. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala sitafanya tena.

Na kila kamba niliyoivuta nilikuwa najua. Nilijua kabisa watu wataona nini. Siku ya nane nilijikaza nikasema, "Watu watakionaje?"

"Watakiona kizuri."

"Nasema... kamba."

"Babu zetu walilala kwenye kamba, Bashiru. Sisi tumewaachia maiti kitu cha walio hai. Mimi nakirudisha."

Alisema kwa furaha kiasi kwamba niliona haya kuendelea. Nikainama, nikavuta kamba.

Siku ya kupeleka vyombo ilikuwa Jumamosi. Kwa kawaida wanaume hawafuati msafara ule, lakini kitanda kilipelekwa kimefunguliwa vipande, kimefunikwa mashuka, na hakuna mwingine aliyejua kukiunga. Sihaba alikaa mbele kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, amefunikwa, pembeni yake shangazi yake. Nyuma tulipanda mimi na Fikirini pamoja na masufuria, kabati la vyombo na godoro jembamba la pamba. Magari mengine mawili yakafuata yamejaa wanawake na ngoma. Kutoka Ikwiriri mpaka Kibiti Fikirini hakuondoa mkono juu ya yale matendegu.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Bi Swaumu alitoka kizingitini na kanga mpya, akamkumbatia mwali. "Karibu mkwe, karibu mwanangu, nyumba yako hii!" Sisi tukapitishwa kwa mlango wa mbele mpaka chumba cha maharusi, tukafunga mlango, tukaanza kuunga. Nje wanawake wanacheza. Fikirini aligonga kiungo cha mwisho kwa nyundo ya mti, akakisukuma kitanda kwa kiuno. Hakikulia hata nyu. Jua la alasiri liliingia dirishani likapiga lakiri, ukutani kukawa na wekundu.

"Fungua mlango," akaniambia. Godoro hakutaka kulitandika kwanza. Alitaka waione kazi ya kamba.

Nikafungua.

Bi Swaumu aliingia wa kwanza, anacheza. Akasimama. Nyuma yake wenzake wakagongana. Ngoma uani iliendelea kidogo, kisha ikakata.

"Mkwe," akasema polepole. "Nani kafa?"

Fikirini alitabasamu, alidhani ni utani wa ukwe. "Hajafa mtu, Bi Swaumu. Hiki kitanda cha maharusi. Nimekifuata India."

"India! Umevuka bahari kwenda kutuletea kitanda cha kuoshea maiti? Cha hapa msikitini hukukiona?" Akageukia wenzake. "Jamani, mnaona ninachokiona, au macho yangu?"

"Tunaona, Bi Swaumu!"

"Mwanangu hata hajaingia chumbani, keshachimbiwa."

Hapo mmoja akacheka, na kicheko cha wanawake arobaini kikishaanza hakina breki. Mmoja akaleta ndoo na kata, akaviweka chini ya kitanda. Mwingine akapaza sauti, "Leteni jembe tuchimbe mfuo!" Mwingine akamjibu, "Vigae vya Mudrick utalipa wewe?" Msichana mmoja mwembamba akajitupa juu ya kamba, akafumba macho, akaunganisha vidole gumba vya miguu. Wakamzunguka, wengine wakijiliza, "Uuwi, mama yetu! Uuwi, alikuwa mtu wa watu!" Bi Swaumu akaanzisha wimbo pale pale, na ngoma ikapata mdundo wake:

Mwali kaja na kitanda,
kitanda cha kuogea,
pamba na sanda vi wapi,
imamu anangojea!

Fikirini alikuwa amesimama na nyundo mkononi. Alijaribu kuwaeleza. Alisema, "Kule kitanda ni cha walio hai, maiti wanamshusha chini," na yule msichana aliyelala akafumbua jicho moja akasema, "Basi nishusheni!" Nyumba nzima ikaangua.

Nilimtazama Mudrick mlangoni. Alikuwa anamtazama mama yake usoni, na alipoona mama anacheka, akacheka.

Fikirini akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Muulizeni mwenyewe. Kitanda ni chake. Muulizeni Sihaba."

Wakanyamaza, maana walitaka kusikia. Sihaba akasogezwa mbele. Alijifunua uso nusu. Akaitazama ile ndoo chini ya kitanda, akamtazama mama mkwe wake, kisha nyumba ile yenye vigae ambayo angeishi ndani yake na wanawake wale siku zote za maisha yake. Kwa baba yake hakugeuka.

"Mimi sikumtuma," alisema. "Nilimwonyesha nilichotaka. Hiki kakitaka yeye."

"Kwa hiyo?" akauliza Bi Swaumu.

"Kitolewe."

Vigelegele vilipigwa hapo vikubwa kuliko vya mwanzo.

Hatukupewa nafasi ya kukifungua. Tulikitoa kizima, kwa mlango wa uani, tukakiweka kwenye kirikuu miguu chini, kwa kuwa hakikukaa namna nyingine. Fikirini akakaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, vichwa chini, ndoo yao, waliyotutupia juu ya kamba tukitoka, imesahaulika katikati. Tulipopita stendi ya Kibiti, wanaume waliokuwa wanakunywa kahawa walisimama. Mmoja akavua kofia. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wakasema, "poleni sana." Wakasema hivyo njia nzima, kila penye watu. Hatukuweza kuwaambia.

Tulipokaribia mto, Fikirini akaniuliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukawamba siku kumi na moja."

"Niliona haya kukwambia."

"Haya yako imenipotezea mtoto," akasema.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa mtu aliyechekwa. Wimbo ulifika Ikwiriri kabla ya Jumatatu. Vijana wa bodaboda wakimwona wanauliza, "Fundi Mfuo, una nafasi? Babu yangu anaumwa." Watu waliomletea vitanda wakapeleka kwingine, wakabaki wa milango na fremu, nao wachache. Sihaba alinunuliwa na mumewe kile cha vifungo. Hakuja kwa baba yake Idi ya kwanza, na ya pili alituma kuku kwa kondakta wa basi. Fikirini akamla huyo kuku peke yake, mpaka mifupa.

Kitanda alikiweka bandani. Nilimwomba tukivunje, tutumie mbao. Akaniangalia kama niliyemwomba ruhusa ya kumchinja mtu. Baadaye akaanza kulala juu yake yeye mwenyewe, mlango wazi, barabarani wanamwona. Watu wakasema anajizoeza.

Bi Swaumu alikufa masika ya mwaka wa pili. Shinikizo la damu, alianguka akiwa anapika shughuli ya watu. Mvua ilikuwa imepiga siku nne. Kitanda cha msikiti wa mtaa wao kilikuwa kimeazimwa kijiji cha bondeni na njia ikakatika matope. Vya jirani vilikuwa vyembamba, na marehemu alikuwa mtu wa kilo nyingi. Uani hakuogesheki kwa mvua. Mtu mmoja pale msibani akasema, taratibu, kwamba Ikwiriri kuna kitanda kipana.

Mudrick akaja mwenyewe na kirikuu, saa tatu asubuhi, maji yanamtiririka kofiani. Fikirini alikuwa amekaa juu ya kitanda anakula muhogo.

"Baba, shikamoo. Mama katutoka."

"Marahaba. Mungu amrehemu. Nimesikia."

"Tumekuja... tunaomba kitanda."

"Kitanda gani?"

"Hiki, baba."

"Hiki si changu nikuazime. Kina mwenyewe."

Mudrick akanitazama mimi. Nikatazama muhogo.

"Mpigie mwenyewe aombe," Fikirini akasema.

"Baba, maiti iko ndani. Watu wanangoja."

"Basi piga upesi."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Tukasikia kilio cha nyuma, wanawake wengi, kisha Sihaba.

"Baba? Shikamoo baba."

"Marahaba. Mumeo anasema unataka kitu."

"Tunaomba kitanda, baba."

"Kipi?"

"Kile."

"Kile kipi, Sihaba? Mimi fundi, vitanda nimetengeneza vingi."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya banda na ya kwao pia, tulizisikia zote mbili.

"Kitanda changu," akasema, sauti imekatika. "Ulichonitengenezea."

"Unakitaka?"

"Baba, nakuomba—"

"Nimeuliza unakitaka."

"Nakitaka."

"Basi kitapita mlango wa mbele," akasema Fikirini, akampa Mudrick simu yake, akanawa mikono.

Nilimfahamu miaka ishirini na moja, na siku hiyo nilimwogopa. Alikaza kila kiungo kabla hatujakipakia. Aliipangusa lakiri kwa kitambaa chenye mafuta. Njiani tulikaa vile vile, yeye upande mmoja mimi wa pili, tumejifunika turubai, na watu wa njiani wakasimama tena barazani wakasema Inna lillahi. Safari hii Fikirini aliitikia, "Ahsanteni, ahsanteni."

Tuliingia kwa mlango wa mbele. Wanawake walewale walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wakavuta miguu tupite. Hakuna aliyeinua macho. Yule msichana mwembamba alijifunika uso na kanga. Chumba kilichotosha kuoshea kilikuwa kimoja tu, cha Sihaba. Kile kitanda cha vifungo walikuwa wamekisimamisha ukumbini, na kitambaa kimechanika nyuma, mbao za maboksi zinaonekana. Fikirini alipitisha kidole pale, akaendelea mbele.

Akakiweka kitanda mahali palepale, chini ya dirisha. Chini yake wanawake wakapanga mabeseni, kwa kuwa vigae havichimbiki. Tukatoka, mlango ukafungwa.

Tulikaa barazani na wanaume. Baada ya saa nzima akatoka bibi mmoja mwosha maiti, mikono bado mibichi, akauliza, "Kitanda kile ni cha nani?" Akaonyeshwa. Akamwendea Fikirini mbele za watu.

"Fundi, nimeosha watu miaka thelathini. Sijapata kitanda cha raha kama kile. Maji yanapita yote, mgongo wake haukulowekwa. Tulimgeuza bila kumsumbua. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako."

"Amina," wakasema wanaume, wengi kwa pamoja.

Neno la kusifu kazi ile Fikirini alikuwa amelingoja tangu Jamnagar, na lilikuja hivyo.

Baada ya mazishi imamu alikuja, na Mudrick nyuma yake. Wakaomba kitanda kibaki msikitini, wakfu, thawabu zake zimfuate aliyekitengeneza na aliyeoshwa wa kwanza. Fikirini akasema, "Muulizeni mwenye nacho." Alikuwa anamtazama Sihaba aliyesimama mlangoni. Nilielewa anataka nini. Alitaka amsikie akisema hapana, ni changu, nakibakiza. Lakini mwanamke gani atalala alipooshewa mama mkwe wake?

Sihaba alilia muda mrefu. Alikuja akapiga magoti, akamshika baba yake miguu.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Kitanda?"

"Kiende msikitini."

Fikirini akaitikia kwa kichwa mara moja, akampapasa kichwani, akaniambia, "Bashiru, twende, magari yatakwisha."

Miaka miwili imepita. Fikirini anatengeneza milango na fremu tu. Sihaba anakuja Idi zote, na mtoto, na wanakaa vizuri, wanakunywa chai. Kitanda hawakitaji. Kamba za ukindu hulegea kwa maji, hivyo kila baada ya miezi mitatu imamu wa Kibiti hunitumia nauli nikazikaze. Lile ua la katikati limekwisha rangi, maana wameoshwa watu wengi pale, na ndoo ile ya Bi Swaumu niliirudisha mimi, ndiyo wanayotumia.

Nikirudi Ikwiriri, Fikirini huniuliza neno moja, hata randa haisimamishi.

"Matendegu?"

"Yamesimama."

Basi.